Udongo wa Isyonje

Mfuko namba arobaini na moja
una gramu mia tano za shamba la Bibi Tusekile Mwasanguti,
upande wa juu, karibu na mistari ya pareto,
pale viazi vilipolala chini mwezi wa pili
vingali kijani, kama watu waliozimia msibani.
Niliuchota mimi. Nikaufunga mimi.
Mwandiko ulio juu yake ni wangu,
mbaya kwa sababu ya baridi.

Akaniuliza, mkono kwenye mpini wa jembe:
"Sasa huo udongo utasema lini?"
Nikamwambia mwezi wa sita.
Mwezi wa sita umeshapita mara mbili.

Hapa kituoni mashine tunayo.
Ilifika na msafara, ikakatiwa utepe,
ina kibao cha shaba chenye majina ya mataifa mawili.
Inakula kimiminika kimoja tu, cha chupa ndogo kama ya dawa ya macho,
na chupa hiyo imekaa bandarini miezi kumi na minne
ikisubiri mtu aamue kama ni kemikali, ni dawa, au ni chakula.
Tumeifunika mashine kitenge. Anyosisye, mlinzi wetu,
huiamkia kila asubuhi: "Shikamoo, mgeni."

Basi mifuko ikapanda ndege.
Mimi sijapanda.

Siku ya kutia saini ukungu ulishuka kutoka Mporoto
ukaingia hadi ukumbini, ukakaa viti vya mbele.
Bendera mbili za mezani zilianguka kila mlango ulipofunguliwa,
mpaka kijana wa itifaki akachomeka vijiti vyake
kwenye viazi viwili vya mbegu,
vya utafiti, vyenye namba.
Sera ikasomwa. Ilikuwa nzuri, nasema kweli:
utafiti ni uti wa mgongo, ushirikiano uwe wa usawa,
asilimia fulani ya pato la taifa,
"kadiri fedha zitakavyopatikana."
Nililitazama hilo "kadiri".
Neno dogo, lakini lina tumbo.

Sina ugomvi na Daktari Annelies.
Alisonga ugali nasi, alijifunza kusema "ndaga",
na matope ya Isyonje aliyajua kwa magoti.
Aliponiandikia kwamba makala imetoka
jina langu lilikuwamo. Kwenye shukrani, mstari wa mwisho,
baada ya dereva. Dereva alistahili;
ile barabara naijua.

Kurasa kumi na mbili, kwa lugha ninayoisoma
kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe:
hili imara, hili linateleza.
Usiku wa siku tatu nilizitafsiri, jiko la mkaa miguuni,
mpaka ikabaki mistari minne ya Kiswahili
inayoweza kusimama shambani bila kushikwa mkono.

Nikapanda nayo kwa bodaboda. Bibi Tusekile akanisikiliza:
kwamba mnyauko upo, umo udongoni, hauonekani kwa macho,
asipande viazi pale kwa misimu mitatu,
apande ngano, au asogeze pareto.
Akanitazama kama ninayeuza kitu.
"Hilo nalijua tangu kwa mama mkwe wangu.
Mlichota shamba langu mje kuniambia ninalolijua?"
Kisha, kwa sauti ya mtu anayedai sufuria
aliyomwazima jirani siku ya sherehe:
"Na udongo uliobaki uko wapi?"

Nimerudi ofisini. Nimefungua Kiambatisho C,
jedwali la sampuli, safu tatu:
Imechukuliwa. Imepokelewa. Imehifadhiwa.
Pembeni kuna nafasi, upana wa kidole.
Nimechukua rula, nimechora safu ya nne,
juu yake nimeandika: Imerudi.

Kwa penseli. Kesho mkuu wa kituo anaipitia.